Raphael Lemkin: Jamaa aliyebuni jina la uovu mkuu kuliko wote, kisha akafa amesota

Katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York kuna karatasi moja ya manjano yenye mistari, ya aina ile mawakili wa Marekani hupenda kuandikia. Mtu fulani alishika kalamu akaandika neno moja, akalirudia, akalirudia tena zaidi ya mara 20, kwingine akalikata, kwingine akalipamba, kama mwanafunzi anayejaribu sahihi yake mpya nyuma ya daftari. Neno hilo ni genocide. Aliyeliandika ndiye aliyelibuni.

Jina lake Raphael Lemkin. Wengi wetu tumekua tukisikia mauaji ya kimbari kwenye habari kila Aprili, Rwanda inapoomboleza, na huenda ukadhani neno hilo limekuwepo tangu Kaini amuue Abeli. Sivyo. Kuna mtu aliyeketi akaliunda, akalibeba mkononi kutoka ofisi hadi ofisi kwa miaka, akawachosha mabalozi, akajichosha mwenyewe, na alipokufa wasimulizi wa maisha yake wanasema waliofika mazishini walikuwa watu saba tu.

Alizaliwa Juni 24, 1900 katika shamba moja karibu na mji wa Wołkowysk. Leo eneo hilo liko Belarus, lakini wakati huo lilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na sheria za huko hazikumruhusu Myahudi kumiliki shamba. Baba yake, Józef, alilima ardhi ya kukodi, na kila mara afisa wa polisi alipopita na farasi wake ilibidi apewe kitu kidogo ndipo familia iachwe kwa amani. (Ndio, hata huko. Hata wakati huo.) Mama yake, Bella, alikuwa mtu wa vitabu na rangi za kuchorea, na ndiye aliyewafunza watoto nyumbani.

Akiwa mdogo Lemkin alisoma riwaya ya Quo Vadis, inayosimulia jinsi Wakristo wa Roma walivyotupwa kwa simba. Kilichomkaa kichwani si simba. Ni umati uliokuwa ukitazama na kushangilia. Alimsumbua mamake kwa maswali kuhusu jambo hilo. Mwaka 1906, alipokuwa na miaka sita, Wayahudi wa mji wa Białystok, si mbali sana na kwao, walishambuliwa na kuuawa. Mambo ya kitabuni yakawa mambo ya mtaa wa jirani.

Alikuwa na kipaji cha lugha cha kutisha. Alijua Kipolandi, Kiyidi, Kihebrania, Kirusi, Kijerumani na Kifaransa, na akaendelea kuongeza nyingine kila alipohamia. Mwaka 1926 alichapisha tafsiri ya hadithi ya mshairi Bialik kutoka Kihebrania hadi Kipolandi. Shika hilo la lugha, kwa sababu bila hilo pengine tusingekuwa tunamzungumzia.

Chuo alisomea Lwów, mji ambao umebadilishwa jina na serikali mara kadhaa na leo unaitwa Lviv, nchini Ukraine. Mwaka 1921, jijini Berlin, kijana Mwaamenia kwa jina Soghomon Tehlirian alimpiga risasi mchana peupe Talaat Pasha, aliyekuwa waziri katika dola ya Uturuki na mmoja wa waliopanga maangamizi ya Waarmenia mwaka 1915. Tehlirian alifikishwa kortini kwa kuua mtu mmoja, na mahakama ikamwachilia. Lemkin aliyasoma hayo akachanganyikiwa. Alimwendea profesa wake mmoja akamuuliza kwa nini Talaat mwenyewe hakuwahi kushtakiwa. Profesa akamweleza kwamba hakuna sheria ya kumshtaki: serikali na raia wake ni kama mkulima na kuku wake. Akiamua kuwachinja wote, wewe jirani yanakuhusu nini?

Usicheke. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya dunia. Kuua mtu mmoja ni kosa. Kuangamiza watu milioni moja, mradi ni wa nchi yako, ni mambo yako ya ndani. Lemkin alitia zii. Hakukubali jibu hilo siku hiyo, na hakulikubali hadi kufa kwake.

Alipomaliza masomo akawa mwendesha mashtaka jijini Warsaw. Kazi nzuri, suti nzuri, jina linalokua. Mwaka 1933 Hitler alitwaa madaraka Ujerumani, na Oktoba mwaka huohuo wanasheria walipanga kukutana Madrid, Uhispania. Lemkin aliandaa pendekezo: dunia itambue makosa mawili mapya, moja la kuangamiza jamii ya watu, jingine la kuharibu utamaduni wao. Serikali yake haikumruhusu kusafiri. Pendekezo lilifika Madrid bila mwenyewe, likafa kimyakimya. Gazeti moja la Warsaw likamshambulia kwamba anatetea Wayahudi wenzake tu, na mwaka uliofuata akaondoka katika ofisi ya umma na kuwa wakili wa kujitegemea. Aliwatahadharisha mapema kabisa, wakamwona kero.

Septemba 1, 1939 Ujerumani ikavamia Poland. Siku chache baadaye Lemkin alitoroka Warsaw. Gari la moshi alilopanda lilipigwa mabomu, akaingia msituni na wakimbizi wengine, akatembea usiku na kulala mchana. Njiani alipewa hifadhi na mwoka mikate mmoja Myahudi. Mwenyeji huyo hakuamini kwamba Wajerumani wangefanya mabaya makubwa. Aliwakumbuka wa vita vya kwanza, watu wa kufanya nao biashara. Katika maandishi yake Lemkin anarudi kwa mtu huyu kwa uchungu, na nadhani ndiyo sehemu inayouma kuliko zote, kwa sababu mwoka mikate hakuwa mjinga. Alitumia akili ya kawaida. Tatizo ni kwamba kilichokuwa kinakuja hakikuwa cha kawaida, na hakikuwa hata na jina.

Alifika kwao Wołkowysk, akakaa na wazazi siku chache. Hawakutaka kuondoka. Akawaaga. Hakuwaona tena.

Kupitia Lithuania akafika Uswidi mapema 1940. Hapo ndipo hadithi ya karatasi inapoanza kwa kweli. Wajerumani walikuwa watu wa utaratibu: kila nchi waliyoiteka walichapisha maagizo yao katika magazeti rasmi, kama vile sisi tulivyo na Gazeti Rasmi la Serikali. Nani ajiandikishe. Nani asimiliki duka. Nani apewe chakula kiasi gani. Lemkin, mkimbizi anayefundisha Stockholm kwa Kiswidi alichojifunza juzi tu, akaanza kuyakusanya maagizo hayo. Alisaidiwa na kampuni ya Uswidi yenye ofisi katika nchi hizo, wakawa wanamtumia.

Hebu fikiria. Dunia nzima inatazama vifaru na ndege, na jamaa mmoja amekaa maktabani anasoma matangazo ya serikali. Lakini ukiyapanga mezani kwa mpangilio, matangazo hayo yalisema jambo moja. Kule Poland, ndoa zinahitaji kibali. Kule Luxembourg, watu waachane na majina yao ya Kifaransa wachukue ya Kijerumani. Wayahudi wavae alama, wahamie mtaa wao, wapewe mgao wa chakula wa chini kuliko wote. Kila agizo peke yake lilionekana kama urasimu tu. Yote kwa pamoja yalikuwa mpango wa kufuta jamii nzima za watu. Aliuona kwenye makaratasi kabla wengi hawajakubali kuuona kwa macho.

Mwaka 1941 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ambaye walikuwa wametafsiri pamoja sheria ya jinai ya Poland, alimpatia kazi. Bahari ya Atlantiki ilikuwa hatari, kwa hiyo Lemkin alienda kwa kuzunguka dunia upande wa pili: Moscow, gari la moshi kuvuka Siberia yote hadi Vladivostok, meli hadi Japani, meli tena hadi Seattle, halafu treni hadi North Carolina. Mizigo yake mingi ilikuwa makaratasi. Nguo hazikuwa nyingi.

Baadaye akahamia Washington kuishauri serikali kuhusu vita vya kiuchumi. Alijaribu kuwaeleza wakubwa kinachoendelea. Makamu wa Rais Henry Wallace alimsikiliza bila kushika sana. Akamwandikia Rais Roosevelt mwenyewe, barua ya ukurasa mmoja kama alivyoelekezwa, maana rais hana muda wa zaidi ya hapo. Jibu lilirudi kwa kupitia watu: rais anaifahamu hatari hiyo, ila awe na subira. Subira! Wakati huo kambi za mauaji zilikuwa zinafanya kazi kila siku.

Novemba 1944 kitabu chake kikatoka, Axis Rule in Occupied Europe, zaidi ya kurasa 600, nyingi zikiwa ni tafsiri za maagizo yale. Ndani yake, sura ya tisa, ndipo neno lilipochapishwa mara ya kwanza. Alichukua genos la Kigiriki, yaani ukoo au kabila, akaunganisha na mzizi wa Kilatini wa kuua. Silabi tatu. Mtu wa lugha alikuwa amefanya kazi ya lugha.

Na hapa niwape jambo la kwetu. Kiswahili kilipotafuta jina la kosa hili kilifuata njia ileile. Mbari ni ukoo, watu wa damu moja. Mauaji ya kimbari ni kumuua mtu kwa sababu ya ukoo aliozaliwa ndani yake. Magazeti yetu pia hutumia mauaji ya halaiki, lakini si kitu kimoja. Halaiki ni umati tu. Ukiua umati bila kujali ni akina nani, hiyo ni halaiki. Ukiwapanga watu foleni ukawauliza majina au kitambulisho kwanza, hiyo ni kimbari. Lemkin angekesha kuwaeleza tofauti hiyo, na kwa kweli alikesha, miaka 15 mfululizo.

Vita vilipoisha, viongozi wa Nazi walifikishwa mahakamani Nuremberg. Lemkin alihangaika hadi neno lake likaingia kwenye hati ya mashtaka ya Oktoba 1945. Kiangazi cha 1946 alikuwa Ulaya akijaribu kulitetea, na wakati huohuo akitafuta habari za watu wake. Akazipata. Ndugu wapatao 49 wa familia yake walikuwa wameuawa, wazazi wake miongoni mwao. Kaka yake Elias, mkewe na wanao wawili ndio waliopona.

Hukumu ikasomwa siku ya mwisho ya Septemba na Oktoba 1, 1946. Lemkin alikuwa mgonjwa, kitandani katika hospitali ya jeshi la Marekani jijini Paris, akasikiliza redioni. Majaji hawakulitaja neno lake hata mara moja. Waliwahukumu wakubwa wa Nazi kwa uhalifu wa kivita na kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, tena kwa mambo yaliyofungamana na vita. Aliita siku hiyo nyeusi kuliko zote maishani mwake.

Huo msemo wa uhalifu dhidi ya ubinadamu Wakenya tunaujua vizuri sana. Ndio uliokuwa kwenye mashtaka ya ICC dhidi ya wale sita wa Ocampo baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, kesi ambazo ziliporomoka bila yeyote kati yao kupatikana na hatia. Aliyependekeza utumike Nuremberg ni Hersch Lauterpacht, profesa wa Cambridge, naye Myahudi, naye aliyesomea sheria kulekule Lwów miaka michache kabla ya Lemkin. Mji mmoja, chuo kimoja, na kila mmoja akatoka na wazo lake. Lauterpacht alitaka sheria imlinde mtu binafsi, yeyote yule, kwa sababu ni mtu. Aliogopa kwamba ukianza kuzungumza kwa makundi utazidisha fikra za sisi na wao. Lemkin alisema watu hawauawi kama mtu mmoja mmoja. Wanauawa kwa sababu ya kundi lao, na usipolitaja kundi hujaeleza kilichotokea.

Nani alikuwa sawa? Mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake Bonde la Ufa kwa sababu ya jina lake la pili anaweza kukupa jibu moja asubuhi na jingine jioni. Mimi naona Lemkin alieleza ugonjwa vizuri zaidi, na Lauterpacht aliogopa kitu cha kweli. Katika siasa zetu za hesabu ya makabila, hofu ya Lauterpacht si ya kupuuzwa.

Lemkin hakuzama. Alitoka hospitalini akaenda New York, Umoja wa Mataifa ukiwa bado mchanga, na kuanza kushika mabalozi mmoja mmoja. Hakuwa na ofisi wala cheo, na hakutumwa na nchi yoyote. Alikuwa na mkoba na suti iliyochakaa. Walinzi walimzoea, waandishi wa habari wakamzoea, baadhi ya mabalozi wakijificha wakimwona anakuja kwenye korido. Alijua mbinu: nchi kubwa zitasitasita, kwa hiyo anza na ndogo. Cuba, India na Panama zikakubali kuwasilisha azimio, na Desemba 11, 1946 Baraza Kuu likatangaza kwamba kosa hilo ni la kimataifa. Kisha miaka miwili ya kuandika mkataba.

Katika uandishi huo alipoteza kitu alichokithamini sana. Kwake, kuiangamiza jamii si kuua miili tu. Kuchoma vitabu vyao, kupiga marufuku lugha yao shuleni, kubomoa mahali pao pa ibada, yote yalikuwa sehemu ya kosa moja. Rasimu ya kwanza ilikuwa na hayo. Nchi zenye makoloni na zile zilizojengwa juu ya ardhi ya wenyeji hazikupenda, na unaweza kukisia kwa nini. Sehemu hiyo ikaondolewa, ikabaki tu ile ya kuwanyakua watoto wa kundi moja na kuwapeleka kwa lingine. Kama ingebaki yote, sijui wale wakoloni waliowavisha babu zetu kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama wangejitetea vipi.

Desemba 9, 1948, ukumbi wa Chaillot jijini Paris: mkataba ukapitishwa bila kura hata moja ya kupinga. Kesho yake ndipo Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu likapitishwa, na hilo ndilo watu wanalokumbuka. Waandishi walimtafuta Lemkin kwa sherehe wakamkuta amejitenga akilia. Siku chache baadaye akalazwa hospitalini tena. Alitania kwamba anaugua ugonjwa wa neno lake mwenyewe.

Nchi ya kwanza kabisa kuuridhia mkataba huo ilikuwa Ethiopia, Julai 1, 1949. Jirani yetu hapa. Nchi iliyokuwa imemwagiwa gesi ya sumu na Italia ya Mussolini ilijua inatia sahihi nini. Mkataba ukaanza kutumika Januari 12, 1951.

Marekani, nchi iliyompa hifadhi, ilikataa. Maseneta wa Kusini na chama cha mawakili waliona hatari: je, Wamarekani Weusi waliokuwa wakinyongwa na makundi ya wahuni wakileta kesi? Na kweli, Desemba 1951 wanaharakati Weusi, akiwemo mwimbaji Paul Robeson, waliwasilisha kwa Umoja wa Mataifa malalamiko yenye kurasa nyingi wakiishtaki Marekani kwa kosa hilohilo.

Lemkin aliwapinga.

Hapa ndipo shujaa anatushinda kidogo, na sitaki kulipitia hilo haraka. Alisema hadharani kwamba madai yao yanaondoa macho ya watu kwenye uhalifu wa Wasovieti, na kwamba ubaguzi si sawa na maangamizi. Alikuwa anapiga hesabu: maseneta wakiogopa, mkataba utakufa. Alishikana na wahamiaji kutoka nchi zilizokuwa chini ya Moscow, na mwaka 1953 akatoa hotuba nzito New York kuhusu njaa iliyowaua Waukraine. Hapo alisema kweli. Lakini mtu aliyekataa mfano wa mkulima na kuku wake aliwaambia Weusi wa Marekani, kwa maneno mengine, wasubiri. Na hesabu yenyewe haikulipa: serikali ya Eisenhower iliuweka mkataba kabatini vilevile. Marekani iliuridhia mwaka 1988, baada ya seneta mmoja, William Proxmire, kusimama bungeni na kuhutubia zaidi ya mara 3,000 juu ya jambo hilo moja.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya shida. Alifundisha Yale, akafundisha Rutgers, lakini kazi ya kudumu ilimkimbia kwa sababu yeye mwenyewe aliikimbia. Kila alipopata nafasi alirudi kwenye barua zake kwa serikali za dunia. Hakuoa. Aliishi chumba kimoja mtaa wa 112 West, Manhattan, akikopa kopa kwa marafiki. Alipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel na hakuipata. Agosti 28, 1959 alianguka kwa mshtuko wa moyo jijini humo, akiwa na miaka 59. Alizikwa makaburi ya Mount Hebron, mtaa wa Queens.

Kilichobaki ni makaratasi. Hayako mahali pamoja: mengine yako Maktaba ya Umma ya New York, mengine kwa Jumuiya ya Historia ya Wayahudi wa Marekani jijini humohumo, mengine Cincinnati, na ule ukurasa wa manjano uko Columbia. Kuna barua, rasimu zenye masahihisho ya kalamu, na kadi nyingi za utafiti, kwa sababu alikuwa anaandika kitabu kingine kikubwa kuliko cha kwanza: historia ya kosa hili tangu zamani za kale. Alikusanya habari za Carthage, Wainka, wenyeji wa Tasmania, Waarmenia. Na Afrika pia. Aliandika kuhusu Waherero walioangamizwa na Wajerumani katika Namibia ya leo, na kuhusu Kongo ya mfalme wa Ubelgiji, miaka ya hamsini, wakati wenye vyeo vikubwa Ulaya bado waliita hayo ustaarabu. Watafiti waliosoma kurasa hizo wanasema pia kwamba aliwatazama Waafrika kwa macho ya wazungu wa enzi yake, na kuwatwika askari Weusi wa Kongo lawama iliyopaswa kumfikia aliyewatuma. Kitabu hakikukamilika.

Alikuwa pia ameandika habari za maisha yake. Wachapishaji waliikataa, waliona haitauza. Rasimu ikakaa kwenye masanduku ya maktaba zaidi ya miaka 50, hadi msomi kutoka Australia, Donna-Lee Frieze, alipokaa miaka kadhaa katika chumba cha kusomea akiunganisha kurasa, nyingine zisizosomeka vizuri, nyingine zimepotea. Ilichapishwa mwaka 2013.

Wakati huo neno lake lilikuwa tayari limefika kwetu. Mwaka 1994, watu wapatao 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa wakichinjwa Rwanda kwa siku 100, maafisa wa Marekani walijipinda kila namna wasilitaje, kwa sababu walijua ukilitaja utaulizwa unafanya nini. Rwanda ilikuwa imejiunga na mkataba tangu 1975. Mahakama ikaundwa, ikawekwa Arusha. Septemba 2, 1998, karibu miaka 50 baada ya kura ya Paris, majaji watatu, mmoja wa Senegal, mmoja wa Uswidi na mmoja wa Afrika Kusini, walimpata Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na hatia ya mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Majaji walienda mbali zaidi ya Lemkin alivyowahi kuandika: wakasema kubaka wanawake kwa nia ya kuliangamiza kundi lao ni sehemu ya kosa hilohilo.

Mahakama hiyo ilifunga milango mwisho wa 2015. Makaratasi yake hayakupelekwa New York wala The Hague. Yako Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha, saa chache kwa matatu kutoka Namanga, katika jengo lililojengwa mahususi: ushahidi, kanda za kesi, na maagizo ya maafisa wa serikali, yale ya aina ambayo Lemkin alikuwa akiyasoma Stockholm mwaka 1940.